Hivi kwa nini ndege ndogo bado zinakunywa petroli ya risasi wakati Jet A-1 imejaa kila kiwanja?

Kijana wa Kisongo (#1)
Wakuu habari za jioni. Mi nakaa Kisongo, pua na mdomo na uwanja wa ndege wa Arusha, nimekua nahesabu ndege kama wenzangu wanavyohesabu mabasi ya Moshi. Juzi nilikaa na jamaa mmoja rubani wa Cessna 206, siku ya pili ndege yake imepaki anasubiri avgas, petroli ya ndege, na mbele ya macho yetu Caravan, zile kubwa kidogo za tabini, zinajazwa moja baada ya nyingine zinaondoka zake Serengeti. Nikamwambia si uombe hayo hayo wanayojaza wenzio? Akacheka mpaka akakohoa. Akasema ile ni Jet A-1, mafuta ya taa yaliyovaa suti, na yake inakunywa petroli ya bluu yenye madini ya risasi, ukikosea ukaweka ile unakufa kabla hujafika mwisho wa ranwei.

Sasa swali langu. Lori ni dizeli, treni dizeli, meli dizeli, Landcruiser ya hifadhi dizeli. Injini ya dizeli inaweza kunywa Jet A-1. Kwa nini Cessna isifungwe dizeli mambo yakaisha? Wajuvi mje, nimekaa paleee.

Pilipili Kichaa (#2)
Ndege inakunywa RISASI? Ndo maana inapaa kwa hasira.

Bwana Fuso (#3)
Mleta uzi nakazia. Mi dereva na fundi wa Fuso mwaka wa kumi na saba, injini ya dizeli haina plagi, haina koili, haina kabureta, ukiipa mafuta na hewa inakwenda mpaka uichoke wewe. Hawa watu wa ndege wanajifanya wasomi tu, waje tuwafungie tabo na pampu wataona.

FundiHanga (#4)
Bwana Fuso wacha nikuulize, hiyo injini yako ukiitoa mnaibeba watu wangapi?

Bwana Fuso (#5)
Haibebwi, tunatumia winchi na mti wa mwembe.

FundiHanga (#6)
Haya basi, umejijibu. Mimi ni fundi hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Lycoming O-320 ya Cessna 172, ile ya nguvu farasi 150 na 160, ni kama kilo 115 hivi, watu wawili watatu wenye mgongo mzuri mnaiinua. Injini ya dizeli ya nguvu hizo hizo lazima bloki iwe nene, krenki nene, pistoni nene, juu uongeze tabo ya kusukuma hewa, intakula ya kuipoza, rejeta na maji yake. Kila kilo unayoweka mbele ni kilo unatoa kwa abiria ama kwa mafuta. Lori haijali kilo mia, ndege inajali begi la mama.

Mama Kemia (#7)
Salaam. Nafundisha kemia sekondari, ngoja nisaidie hapo kwenye kuwasha maana watu wengi wanachanganya.

Petroli ya ndege inatakiwa ISIJIWASHE yenyewe inapobanwa, inasubiri cheche ya plagi. Uwezo wa kuvumilia kubanwa ndiyo oktani, na ile risasi inawekwa kuongeza uvumilivu huo. Avgas 100LL ina risasi mpaka gramu 0.56 kwa lita. LL maana yake risasi kidogo, kidogo ukilinganisha na ile ya kijani ya zamani iliyoruhusiwa karibu mara mbili yake. Dizeli ni kinyume, tunataka mafuta YAJIWASHE yakikutana na hewa iliyobanwa ikawa moto, na hiyo ndiyo setani. Injini ya Cessna inabana hewa mara 7 mpaka 8.5, ya dizeli mara 15 mpaka 18 hivi. Ndio maana FundiHanga anasema chuma kinakuwa kinene, hawafanyi kwa kupenda.

Faida yake ni kwamba lita moja ya Jet A-1 ina uzito wa kama kilo 0.8 na avgas kama 0.72, kwa hiyo kwenye tenki lile lile unabeba nishati zaidi, na juu ya hapo dizeli yenyewe inabana matumizi.

Pilipili Kichaa (#8)
Madam hii ingekuwa kwenye mtihani wangu wa fomu foo nisingekuwa nauza chipsi.

Mtoto wa Tanga (#9)
Mleta uzi swali lako zuri ila limechelewa mkuu, ndege za dizeli ZIPO. Mi niko Ujerumani kusini, nimejifunza urubani kwenye Diamond DA40 NG, injini ni Austro AE300 ambayo asili yake ni bloki ya dizeli ya Mercedes ya gari ndogo. Inakunywa Jet A-1 ile ile ya Boeing. Kuwasha ni kama gari, unasubiri taa ya plagi za joto izime, unasukuma ufunguo, imekwisha. Hakuna mikscha ya mafuta na hewa ya kuchezea, hakuna joto la kabureta, hakuna kuomba Mungu injini ikiwa imechemka. Mkono mmoja tu wa nguvu, kompyuta inapanga yenyewe mafuta na propela.

Na unywaji wake utalia. Cessna 172 ya petroli inakula lita 30 na kitu kwa saa, ya dizeli ukitembea kistaarabu ni kama 20.

Kijana wa Kisongo (#10)
Mtoto wa Tanga umenipa nguvu. Sasa kama ipo na inakula kidogo, kwa nini hapa sizioni?

Babu Sesna (#11)
Vijana hamjambo. Mimi nimestaafu, nimerusha Cessna 180, 185, 206 na 210 viwanja vya majani kuanzia miaka ya sabini mwishoni. Nitawaambia tatizo ambalo fundi na madam hawajaligusa, nalo ni MTETEMO.

Dizeli kila silinda ikiwaka ni nyundo. Ndani ya lori nyundo ile inakwenda kwenye flaiwili kubwa la chuma na klachi na gia boksi na tairi za mpira, inamezwa njiani. Kwenye ndege ya kawaida propela imefungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye krenki, hakuna kitu katikati. Propela ya aluminiamu ukiipiga nyundo mara elfu nyingi kwa dakika itapata ufa usiouona kwa macho, na siku ukikatika huo ufa kipande cha jani kikaondoka, injini nzima inang'oka kwenye pua. Kwa sababu hiyo injini nyingi za dizeli utazikuta na propela ya mbao iliyovikwa plastiki yenye nyuzi, maana mbao inameza mtetemo, halafu wanaweka klachi au kitu cha kulainisha na gia boksi.

Cessna ya Lycoming haina gia boksi. Inazunguka mwisho 2,700 kwa dakika basi. Imekaa kizembe kwa makusudi.

FundiHanga (#12)
Mzee amegonga ndipo. Na hapo kwa gia boksi ndipo kilio changu kilipo. Tuliwahi kuwa na 172 moja hapa ilibadilishwa ikawekwa dizeli, ya nani na injini gani sisemi. Mwaka wa kwanza mwenyewe alikuwa anatembea kifua mbele, akimaliza safari anakuja kutuonyesha risiti za mafuta. Halafu ikafika saa za kukagua gia boksi. Hiyo kitu haifunguliwi hapa, inafungwa kwa boksi la mbao inaenda Ulaya, inakaguliwa huko, inarudi. Kwenda ilienda wiki moja. Kurudi shehena ikakwama, ofisi gani pia sisemi, barua juu ya barua, na ndege iko kona ya hanga pua imefunikwa gunia njiwa wanaizoea. Miezi mitano! Lycoming ingekuwa imeharibika siku hiyo ningeazima silinda kwa jirani, jioni inaruka.

Wenzetu Ulaya kwao boksi linaenda kwa gari asubuhi. Sisi ni stori ingine.

Pilipili Kichaa (#13)
Njiwa ndo walirusha hiyo ndege kuliko mwenyewe.

Nahodha Msomaji (#14)
Niweke historia kidogo maana watu wanadhani dizeli ya ndege ni kitu cha juzi. Ya kwanza kuruka ilikuwa Marekani 1928, Packard DR-980, silinda tisa za duara, nguvu farasi 225, inapozwa kwa hewa. Mwaka 1931 ndege ya Bellanca yenye hiyo injini ilikaa angani saa 84 na nusu hivi bila kuongezwa mafuta, pale ufukwe wa Jacksonville, Florida. Rekodi hiyo ilikaa miaka 55 mpaka ndege ya Voyager ilipozunguka dunia 1986. Miaka hamsini na tano wakuu!

Halafu Wajerumani wakaja na Junkers Jumo 205, silinda 12, ikafungwa kwenye ndege za kudondosha mabomu za Ju 86 na ndege za majini za Dornier.

Binti wa Chuda (#15)
Samahani kaka Nahodha, Jumo 205 ina silinda SITA. Pistoni ndizo 12. Ndani ya kila silinda kuna pistoni mbili zinakimbiliana, zikikaribiana katikati ndio moto unawaka, kila upande una krenki yake na gia zinaziunganisha. Haina silinda hedi, haina valvu, ni stroku mbili, hewa inaingia kwa matundu upande mmoja moshi unatokea upande wa pili. Nasoma uhandisi wa mitambo mwaka wa tatu, hii injini niliichora mpaka nikaiota.

Nahodha Msomaji (#16)
Binti wa Chuda upo sahihi, nimechanganya. Asante.

Bwana Fuso (#17)
Injini haina silinda hedi?? Kwa hiyo haiunguzi gasketi? Hiyo mbona ndo injini ya peponi. Miaka kumi na saba silinda hedi zimenila hela ya shamba. Kwa nini waliacha?

Binti wa Chuda (#18)
Kwenye safari ndefu ya mwendo mmoja ilikuwa nzuri sana. Vitani ikashindwa. Ju 86 zilipopelekwa Hispania wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe marubani walikuwa wanapandisha na kushusha nguvu kwa ghafla ghafla kukwepa risasi (zile risasi zingine, Pilipili usianze), injini haikupenda hayo mambo. Na joto la pistoni za upande wa moshi ni shida ya kudumu ya muundo ule. Baada ya vita zikaja jeti, na pesa zote za utafiti zikahamia huko.

Mama Kemia (#19)
Nahodha, na ile Packard yenye rekodi iliishia wapi?

Nahodha Msomaji (#20)
Ilikufa haraka madam. Ilikuwa na valvu moja tu kwa kila silinda, hiyo hiyo inaingiza hewa na hiyo hiyo inatoa moshi, kwa hiyo abiria anashuka ananuka kama ametoka kukaanga samaki kwa dizeli. Mtetemo nao, kama alivyosema Babu. Mhandisi aliyeibuni, Woolson, akafa kwenye ajali ya ndege 1930. Na petroli ya oktani kubwa ikaanza kupatikana, ile faida ya unywaji mdogo ikapungua uzito.

Rotari Milele (#21)
Mnazunguka mbuyu. Jibu ni rotari, injini ya pembetatu inayozunguka. Haina pistoni ya kwenda na kurudi, haina valvu, vipande vinavyotembea vinahesabika kwa vidole, nyepesi, haitetemi, na ikikosa nguvu haijifungi ghafla. Mazda waliibuni hii kitu wakaonyesha dunia. Weka hiyo kwenye Cessna mtanitafuta.

Mtoto wa Tanga (#22)
Mazda hawakubuni, ni Felix Wankel na kampuni ya NSU huku Ujerumani, ya kwanza ilizunguka 1957. Mazda walinunua leseni wakaikuza. Na kwenye anga ipo, kuna glaida, ndege za kuelea, za Schleicher ASH 26 E zina rotari ndogo ya kujipandisha, propela inachomoza nyuma ya rubani kama kobe anatoa kichwa. Lakini hiyo ni ya petroli. Rotari kubana hewa mpaka dizeli iwake yenyewe ni kazi ngumu, umbo la chumba lenyewe limekaa kama ndizi iliyokandamizwa.

FundiHanga (#23)
Na zile sili za ncha za rota zinazochakaa. Rotari Milele, gari lako la rotari, RX-8 ya Mazda, liko wapi saa hii?

Rotari Milele (#24)
Gereji. Lakini sio sababu ya sili.

Pilipili Kichaa (#25)
😂😂😂 ni sababu ya nini mkuu, huzuni?

Papa Ituri (#26)
Jambo bandugu. Mi niko Bunia, Kongo, kazi yangu ni kupokea na kulinda mafuta ya ndege. Huku shida ya mleta uzi tunaiona kila mwezi. Avgas inakuja kwa mapipa, kwa lori, inapita Uganda, barabara ikiharibika tunangoja. Pipa likifika unalipindua kidogo liinamie upande mmoja ili maji yakusanyike chini, unaingiza pampu ya mkono bila kufika mwisho, unachuja kwa ngozi laini, ukiona tone la maji linatembea juu ya ngozi kama shanga unasimamisha. Mazuti, dizeli kwenu, na petroli ya taa, mafuta ya taa kwenu, unapata hata kwa mama wa sokoni. Kwa hiyo mi niko upande wa dizeli, tunangoja tu mwenye kuileta.

Kijana wa Kisongo (#27)
Papa Ituri karibu sana. Umeeleza mpaka nimeona hiyo shanga. Sasa naomba kuuliza wote, kwa nini avgas ni adimu hivi na Jet A-1 si adimu?

Nahodha Msomaji (#28)
Wingi. Jet A-1 ya Nairobi inakuja na bomba kutoka Mombasa. Avgas huwezi kuipitisha bomba hilo, kwanza ni kidogo, pili risasi itachafua kila kitakachofuata nyuma. Na dawa yenyewe ya risasi, kiwanda kinachojulikana kuitengeneza kwa ajili ya avgas upande wa magharibi ni kimoja tu, kiko Ellesmere Port, Uingereza. Kimoja!

Mama Kemia (#29)
Na kejeli ni kwamba petroli ya risasi kwenye magari iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia 2006, Algeria wakawa wa mwisho duniani 2021, na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilitangazia hayo pale pale Nairobi. Unatoka kwenye tangazo unapita Wilson juu ya kichwa chako ndege inamwaga risasi.

FundiHanga (#30)
Madam hiyo risasi mimi naitoa kwa mkono. Ukifungua plagi za chini za Lycoming unakuta vijiwe vidogo vya kijivu vimekwama ndani, unavichokoa na kachuma kembamba, vinadondoka kwa karatasi tik tik. Mke wangu alishanikataza kuingia na ovaroli ndani.

Binti wa Chuda (#31)
Marekani wamejiwekea lengo la kuachana na risasi kwenye avgas kufikia mwisho wa 2030, na kuna mafuta ya G100UL yaliyopewa kibali 2022 kutumika kwenye injini za kawaida. Yakienea hayo, hoja ya dizeli inapungua kwa wao. Kwetu haipungui, maana avgas bila risasi nayo italetwa na lori lile lile la Papa Ituri.

Mzalendo wa Rotax (#32)
Samahani nimechelewa. Mbona hamtaji Rotax 912? Ipo tangu 1989, nguvu farasi 80 na 100, ina gia boksi, inapozwa maji kidogo hewa kidogo, na inakunywa petroli ya SHELI. Sio avgas sio Jet. Nimepanda ndege ya viti viwili yenye hiyo kitu, mwenye nayo anajaza kwa madumu ya bodaboda.

Babu Sesna (#33)
Rotax ni nzuri kwa watu wawili na mswaki. Uniwekee hapo watu watano, mgonjwa mmoja amelala, kiwanja cha mita mia sita chenye kinyesi cha nyumbu, futi elfu tano juu ya bahari, saa saba mchana. Hapo ndipo tunapozungumzia sisi.

Na hapo nitaitetea dizeli, ingawa mtaona kama najipinga. Injini ya kawaida isiyo na tabo Wilson kwenye futi 5,500 imeshapoteza karibu asilimia 15 mpaka 18 ya nguvu kabla hujaachia breki. Hewa nyembamba. Dizeli zote hizi za ndege zina tabo, pale Wilson inakupa nguvu ile ile ya Dar. Kwa nchi ya milima hilo ni kubwa kuliko bei ya mafuta.

Bwana Fuso (#34)
Babu kumbe uko kwetu.

Babu Sesna (#35)
Nusu. Maana injini za kompyuta zinanitia wasiwasi. Lycoming ina magneto mbili, zinajizalishia umeme wake wa plagi, betri ikifa, altaneta ikifa, waya zote zikiungua, injini haina habari. Hizi za dizeli za kisasa, nyingi yake kompyuta ikikosa umeme injini inazima.

Mtoto wa Tanga (#36)
Babu hiyo ilishatokea kweli huku. Machi 2007, uwanja wa Speyer, ndege ya Diamond DA42 yenye injini mbili za dizeli za kampuni ya Thielert ya Ujerumani. Betri ilikuwa imekufa, wakawasha kwa umeme wa nje, wakaruka. Walipokunja magurudumu, mota yake ikavuta umeme mwingi, volti ikashuka kwa sekunde, kompyuta za injini ZOTE MBILI zikajizima na kuanza upya, propela zikajilaza zikaacha kuvuta. Injini mbili, sababu moja. Baada ya hapo wakaongeza betri za akiba za kompyuta. Sasa hivi mi naruka bila presha, ila kitabu kinasisitiza betri ikiwa imekufa huruki, unachaji kwanza.

Nahodha Msomaji (#37)
Na Thielert yenyewe iliomba kufilisiwa Aprili 2008. Hapo ndipo dizeli ilipovunjika moyo dunia nzima kwa maoni yangu. Watu walinunua ndege wakiamini dhamana, kampuni ikaanguka, bei ya vipuri ikapanda, dhamana ikayeyuka. Wachina wa AVIC wakaja kuinunua 2013 ikaunganishwa na Continental, watengeneza injini wa Marekani, leo injini zinaitwa CD-135 na CD-155.

Bwana Fuso (#38)
Thielert si ndo Mercedes?

Mtoto wa Tanga (#39)
Hapana. Walichukua injini ya Mercedes A-Class wakaigeuza, Mercedes hakuwemo kwenye hiyo biashara. Na jambo la kujua, hizi injini hazifumuliwi. Saa zikifika, CD-155 kwa mfano ni saa 2,100, unaitoa unaweka mpya. Lycoming unaifumua, unabadilisha vya kubadilisha, inarudi kazini, kuna bloki zimehudumia marubani vizazi viwili.

FundiHanga (#40)
Hiyo namba 39 ndio jibu la mleta uzi kama mnaniuliza. Sisi Afrika tunaishi kwa KUFUMUA. Kitu haifumuliwi sio chetu.

Binti wa Chuda (#41)
Kaka Fundi sikubali moja kwa moja. Kuna dizeli zilizobuniwa za ndege tangu mwanzo, si za gari. SMA ya Ufaransa walitoa SR305, silinda nne zimelala, lita tano, nguvu farasi 230, propela moja kwa moja kwenye krenki bila gia boksi. Cessna wakatangaza 182 ya hiyo injini halafu wakaachana nayo. DeltaHawk wa Wisconsin walianza 1996, stroku mbili, V ya silinda nne iliyopinduliwa kichwa chini, nguvu farasi 180, cheti cha mamlaka ya anga ya Marekani wamekipata 2023. Mtoto aliyezaliwa walipoanza ameshamaliza chuo ana watoto wake. Zoche wa Munich wameonyesha dizeli ya duara kwenye maonyesho miaka na miaka, ya kununua hakuna. Mi naona ugonjwa ni cheti na pesa, soko la injini ndogo ni dogo mno kulipa gharama ya kuthibitisha kitu kipya.

Mzalendo wa Rotax (#42)
Na Wamarekani ndio wenye ndege ndogo nyingi, avgas kwao ipo kila kiwanja. Asiye na njaa hapiki.

Kijana wa Kisongo (#43)
Mpaka hapa nimeandika: uzito, mtetemo, gia boksi, kompyuta, kufilisika, cheti, Wamarekani. Nani kati yao muuaji?

Pilipili Kichaa (#44)
Njiwa.

Babu Sesna (#45)
Umesahau Caravan. Kampuni ikipata hela ya kununua dizeli inaongeza kidogo inachukua Caravan, inakula kama lita 190 kwa saa lakini inabeba watu kumi na zaidi na inakunywa Jet A-1 hiyo hiyo. Dizeli imebanwa katikati, chini Lycoming ya urithi, juu tabini.

Bwana Fuso (#46)
Swali la kijinga. Hiyo dizeli ya ndege nikiweka mafuta ya sheli itakataa?

Mtoto wa Tanga (#47)
Hizo za Continental zina kibali cha dizeli ya gari yenye viwango vya Ulaya. Shida ni baridi ya juu, dizeli inatoa nta inaziba chujio, Jet A-1 inavumilia mpaka nyuzi 47 chini ya sifuri. Na kwetu uchakachuaji. Mnakumbuka kilichofanya EWURA, wasimamizi wa nishati Tanzania, waweke vinasaba, ile dawa ya alama, kwenye mafuta?

Mama Kemia (#48)
Mafuta ya taa kwenye dizeli, mwaka 2010. Halafu kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa bajeti iliyofuata. Kenya nao 2018 wakaweka shilingi 18 kwa lita kwa sababu hiyo hiyo.

Bwana Fuso (#49)
Mimi sijui chochote kuhusu hilo.

Pilipili Kichaa (#50)
Hakuna aliyekutaja mkuu 😂

Papa Ituri (#51)
Babu Sesna nina ulizo. Ukifika mahali mapipa hayana rangi ya kuaminika, unajua je hii ni avgas ao Jet? Siku zingine bluu inafifia.

Babu Sesna (#52)
Papa, usitegemee macho wala pua, ukishika pipa la kwanza mikono yote inanuka kitu kimoja. Chukua karatasi nyeupe ya daftari, dondosha tone moja, subiri. Avgas inakauka yote, karatasi inarudi safi. Jet inaacha duara la mafuta kama karatasi ya sambusa. Fanya kila pipa, hata kama yametoka lori moja.

Papa Ituri (#53)
Aksanti mzee. Kesho yanaingia kumi na mbili.

Rotari Milele (#54)
Wakati tunasubiri, RX-8 imetoka gereji.

FundiHanga (#55)
Kwa kusukumwa ama kwa nguvu zake?

Rotari Milele (#56)
Kuna mteremko.

Papa Ituri (#57)
Bandugu nimerudi. Nimefanya karatasi kumi na mbili, nimeziandika namba nikaziweka juani na kijiwe juu ya kila moja. Kumi na moja zimekauka. Ya saba imeacha duara. Nimerudia mara tatu, duara. Kwa macho lilikuwa bluu, bluu kidogo. Rubani ameangalia hiyo karatasi akakaa chini juu ya gurudumu hakusema kitu.

Kijana wa Kisongo (#58)
Mungu mkubwa. Sasa hilo pipa umelifanyia nini?

Papa Ituri (#59)
Mleta uzi aliandika Jet ni petroli ya taa, nimempa sentineli, mlinzi wetu, dumu moja aweke kwa taa yake ya usiku.

Mama Kemia (#60)
PAPA HAPANA. Umesema lilikuwa na bluu. Bluu ni ya avgas, kwa hiyo humo yamechanganyika. Mafuta ya taa yenye petroli ndani ukiwasha taa inalipuka mkononi. Mkimbilie sasa hivi.

Babu Sesna (#61)
Mpigie simu!

Kijana wa Kisongo (#62)
Papa?

Papa Ituri (#63)
Niko. Nimekimbia na ndala moja. Taa ilikuwa imejaa mpaka shingoni, yeye anazunguka nyumba kwa jirani anaomba kiberiti.